Shuka Lisilo na Uzi

Shuka hufuliwa kila wiki. Wateja huniuliza, nami huwajibu hivyo hivyo bila kupaka asali. Kama nyumbani kuna mgonjwa, au mtoto wa kukojoa, au mbwa anayepanda kitandani, fua mara mbili. Maji ya moto, sabuni, jua. Ukiamka usitandike papo hapo, acha kitanda kipumue, jasho likauke. Ukipitisha wiki mbili unalalia vumbi la ngozi yako mwenyewe na vijidudu vinavyolila. Ukipitisha miezi, unalala na mtu.

Hilo la mwisho hulicheka. Wanadhani ni utani wa dobi.

Mimi ni dobi. Shule niliiacha mapema, na hakuna aliyekuja kuniuliza kwa nini. Nina kibanda chenye meza mbele, na nyuma yake kuna uwanja wenye pipa la kuchemshia na kamba za kuanikia. Mimi nafua, mke wangu anapiga pasi na kupanga. Kazi yetu ina sheria moja tu: kila mteja ana rangi yake ya uzi. Nguo ikiingia, naitia mshono mdogo pembeni kabla haijagusa maji. Nyumba ya wageni ni kijani. Kinyozi ni nyeusi. Mdogo wangu ni njano. Vya kwetu nyumbani havitiwi uzi. Kwa hiyo mke wangu hana haja ya kuuliza: chenye uzi ni cha watu, kisicho na uzi ni chetu. Hatujawahi kumpa mtu suruali ya mwenzake. Sheria hiyo ndiyo iliyoniletea niliyoletewa.

Mdogo wangu ni seremala. Mtaa mzima unamwita Fundi, nami pia. Mke wake alikuwa mshonaji, mwanamke mwenye mdomo na mkono mwepesi. Aliwahi kununua jora la kitambaa cha buluu, buluu ya sare za shule, akashona mashuka mawili sawasawa. Moja lao, moja akatuletea sisi.

"Dobi wa mtaa mzima, kwake analalia matambara," aliniambia, akilitupa juu ya meza yangu. "Mganga hajigangi, shemeji."

Ndiye aliyenishonea suti ya harusi pia, na hakunichaji.

Mchana mmoja alisema kichwa kinamuuma, akajilaza kidogo. Hakuamka. Fundi alikuja kuniita huku randa ikiwa bado mkononi. Nilimkuta marehemu amelala ubavu, kiganja chini ya shavu, goti moja amelikunja, kama mtoto aliyechoka kucheza. Shuka lilikuwa lile la buluu.

Tulizika. Watu wakarudi makwao. Fundi akarudi kwenye kitanda kile kile na shuka lile lile, akalala upande wake, akauacha upande wa mkewe kama ulivyokuwa.

Mwanzoni hatukusema neno. Mfiwa huachiwa mambo yake. Lakini miezi ikapita. Kila nikimtuma mtu kuchukua nguo zake, zinakuja suruali, mashati, taulo, hata pazia. Shuka haliji. Kisha kifua chake kikaanza kupiga filimbi. Ukikaa naye unasikia mluzi mwembamba kila anapovuta pumzi, kama birika linalokaribia kuchemka. Ngozi nayo ikatoka vipele, lakini upande mmoja tu, begani na ubavuni. Nilimuuliza analalia upande gani.

"Huu mwingine," alisema. "Huu wenye vipele ndio unaomwelekea."

"Unaomwelekea nani?"

Akachukua msumeno, akaendelea na ubao wake.

Asubuhi moja majirani walimbeba mpaka hospitali, midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Nilipofika nilimkuta na mpira wa hewa puani. Muuguzi, mama mmoja mnene asiye na haraka, alinivuta kando.

"Baba, huyu anafanya kazi gani?"

"Seremala."

"Vumbi la mbao limewahi kumsumbua?"

"Amekula vumbi la mbao tangu utotoni. Hajawahi hata kupiga chafya."

"Basi niambie kuhusu anapolala. Mashuka yake hufuliwa lini?"

Nilitazama sakafu. Dobi mzima.

"Nendeni mkafue," alisema. "Maji ya moto. Godoro mlitoe juani, madirisha yafunguliwe. Na baada ya hapo kila wiki, si mpaka sikukuu. Nakuambia wewe kwa sababu yeye hanisikii: kifua hiki hakitavumilia kishindo kingine kama cha leo. Kikija tena, mtamleta hapa amekwisha."

Nilirudi kitandani, nikamwambia Fundi kwamba shuka lake naenda kulifua.

"Usiliguse, kaka."

"Litakuua."

"Godoro linabonyea," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Upande wake. Nikiingia kitandani linakuwa juu, kama kawaida. Nikishalala kidogo, linabonyea."

"Magodoro yote hubonyea. Lako umelinunua kwa mnada."

Alitaka kucheka, kikohozi kikamkamata. Muuguzi akanifukuza.

Nilikwenda nyumbani kwake siku hiyo hiyo, jua la utosi. Nikafungua mlango wa chumba. Dirisha lilikuwa limefungwa na pazia limeshushwa. Cherehani ya marehemu ilikuwa kwenye kona, imefunikwa kanga. Chumba kilinuka mafuta ya cherehani na chaki ya kukatia nguo, ilhali ile mashine ilikuwa haijaguswa tangu msiba.

Shuka lilikuwa na shimo. Sisemi kuchanika. Ninasema lilikuwa limebonyea pale anapolala mtu: bega, nyonga, goti lililokunjwa. Upande wa Fundi ulikuwa tambarare. Nikaweka kiganja changu kwenye lile bonde. Lilikuwa na joto.

Mimi si mtu wa kuona mizimu. Nimefua nguo nyingi za waliokufa kuliko za maharusi, na hakuna iliyonisemesha. Nikashika pembe mbili, nikavuta. Halikuja. Nikavuta tena, likakaza, kama unavyovuta shuka na mtu yuko juu yake. Jasho likanitoka. Ndipo nikajisikia nasema, bila kukusudia:

"Samahani shemeji, sogea kidogo."

Likachomoka lote mara moja, nikaenda kugonga mgongo kwenye kabati.

Nikalipeleka kibandani. Nikalitia uzi wa njano kama kawaida, kisha pipani. Nililichemsha mpaka maji yakawa na rangi ya chai. Nikalisuuza mpaka yakatoka meupe, nikalikamua, nikalianika. Jua lilikuwa kali la kukausha jiwe. Nguo zote zikakauka. Shuka lile likakauka pia, isipokuwa sehemu moja katikati.

Unajua kitambaa kikilowa rangi hukolea. Basi pale katikati buluu ilikuwa imekolea, na ilikuwa na umbo. Kichwa. Bega. Mkono uliokunjwa kuelekea shavuni. Goti.

Nikaligeuza juu chini. Maji yana tabia moja, hushuka. Nikasubiri yashuke. Hayakushuka. Alikaa pale pale, sasa miguu juu kichwa chini, shuka kavu pande zote, yeye amelowa.

Asubuhi ya pili ilikuwa hivyo hivyo, na siku hiyo Fundi alikuwa anaruhusiwa. Angerudi akute kitanda hakina shuka, angekuja kulidai, na ningempa nini? Nikawaza haraka. Ndani kabatini tulikuwa na la kwetu, pacha wake, lililofuliwa na kukunjwa. Nikalitoa. Nikafumua uzi wa njano kwenye lile lililolowa, nikaushona kwenye la kwetu. Nikaenda kwa Fundi, nikafungua madirisha, nikatoa godoro nje na kulipiga fimbo mpaka mkono ukafa ganzi, likakaa juani, kisha nikatandika. Kila kitu sawasawa. Buluu ile ile, uzi wa njano pembeni. Mke wangu sikumwambia. Ni mwanamke mwema, lakini siri kwake ni maji ndani ya pakacha.

Kutoka kwa Fundi nikapitia nyumba ya wageni kuchukua mzigo. Niliporudi, kamba ilikuwa tupu.

"Lile la buluu liko wapi?" nilimuuliza mke wangu.

"Letu? Nimeshalipiga pasi." Alikuwa anakunja foronya, hakuinua hata kichwa. "Ulilikamua kwa mikono ya kizee? Katikati palikuwa chepechepe. Pasi ilikuwa inalia pale."

"Inaliaje?"

"Inalia. Fuuu. Kama mtu anayeshusha pumzi. Na mvuke wake ukanuka mafuta ya cherehani, sijui umelianika karibu na nini. Hebu niondokee, nina foronya za watu hapa."

"Umeliweka wapi?"

"Ndani. Ulitaka nikaliweke barabarani?"

Nikadhani ndani ni kabatini. Nikasema nitalitoa nikipata nafasi, na mzigo wa nyumba ya wageni ukanifunika mpaka nikasahau. Niliingia kitandani nimechoka kama punda, hata rangi ya nilichokilalia sikuiona.

Asubuhi mke wangu aliamka na maneno.

"Baba watoto, leo umelala kama ng'ombe. Umenisukuma mpaka ukutani. Angalia bega langu lilivyochubuka."

"Mimi? Mimi nimelala ukingoni! Mguu mmoja ulikuwa sakafuni."

"Ukingoni gani? Nimehisi mgongo wako."

"Hukuhisi mgongo wangu."

Tukatazamana. Kisha tukatazama katikati ya kitanda. Yeye alikuwa bado amejibana ukutani, mimi nimekaa pembeni kabisa, na kati yetu palikuwa na nafasi ya kumtosha mtu. Shuka la buluu lilikuwa limebonyea. Bega, nyonga, goti.

Mke wangu alishuka kwa kupitia miguuni, taratibu, kama unavyompita mtu aliyelala.

Nikainua pembe ya shuka. Pale pembeni palikuwa na vitundu vidogo, alama ya sindano yangu, mahali nilipofumua uzi wa njano. Nikavuta pumzi ili niseme kitu. Kifuani mwangu kikalia kitu chembamba. Fiii.

Sikumficha tena. Nilimweleza yote palepale mlangoni. Hakunilaumu, na hilo lilinitisha kuliko kelele zake.

"Wewe unalitoa uzi shuka la watu," alisema tu mwishoni, "halafu unanyamaza? Mimi nitajuaje kama hili si letu?"

Nikalirudisha pipani. Halikunisumbua kulitoa, nilishajifunza kuomba. Nililichemsha kuliko mara ya kwanza, nikalianika kwenye kamba ya mwisho, ya ukutani. Likakauka likabaki na umbo lile lile, amelala ubavu, ameutazama ukuta. Filimbi kifuani mwangu ilikuwa imekwisha kabla sijamaliza kulikamua.

Nayo ya Fundi ilikuwa imekwisha pia. Zilipita siku nyingi bila kikohozi hata kimoja. Vipele vikanywea. Alianza kupiga randa tena, nikawa nasikia sauti yake hadi kibandani, mtu anaimba huku anafanya kazi. Muuguzi alipompima alisema kifua kiko kama cha kijana. Kwa hiyo nilijua ninachokilinda. Lile shuka likirudi kwake, ndugu yangu anakufa. Jambo lilikuwa fupi hivyo.

Nilikuwa nimelifua tena na liko kambani Fundi alipokuja. Mikononi alikuwa na shuka letu, amelikunja vizuri.

"Kaka, hili si lake."

"Uzi wa njano huo hapo."

"Uzi ni wako. Pindo si lake." Akalifungua juu ya meza. "Alipokuwa anashona letu sindano ilimvunjikia, akarudia pindo kwenye pembe. Hapo huwa nagusa kwa kidole nikilala. Hili pindo limenyooka. Hili ni lenu."

Seremala bwana. Humdanganyi kwa kitu chenye pembe.

"Fundi, umepona. Umeonaje kulala na kupumua?"

"Napumua, ndiyo." Akaliangalia lile shuka mezani. "Lakini godoro halibonyei tena. Kaka, nyumba ile ni tupu. Hapo nyuma alikuwa anakuja. Kila siku alikuwa anakuja. Nilikuwa nakohoa, sawa, lakini sikuwa peke yangu. Nirudishie lake."

"Lilichanika. Nimelitupa."

"Umelitupa wapi?"

"Jalalani. Limeshachomwa."

Alinitazama. Mke wangu aliweka pasi chini, akatazama pembeni. Na Fundi, ambaye hakuwa amekohoa tangu atoke hospitali, akakohoa.

Mara moja tu kwanza. Kisha akashika meza. Kisha nikaisikia, filimbi ile, ikianza chini na kupanda. Mtu amesimama kwenye kibanda safi, hewa inapita, na anakabwa mbele ya macho yangu.

Niligeuka kutazama uwanjani. Shuka lilikuwa kwenye kamba ya ukutani, hakuna upepo wa kulitikisa. Nilimwacha ameutazama ukuta. Sasa alikuwa ametutazama sisi. Kiganja hakikuwa chini ya shavu. Kilikuwa kimenyooka mbele, vidole wazi, kama mtu anayepapasa kitandani kumtafuta mwenzake.

"Mshike!" nilimwambia mke wangu. "Mkalishe barabarani, mtoe humu!"

Nilikimbia uwanjani, nikalivuta kambani. Lilikuwa zito kama mtu. Pipa lilikuwa motoni na maji ya mzigo wa kinyozi. Nikatupa nguo za kinyozi chini, nikalizamisha mle ndani, nikalikandamiza kwa mti. Mti ulikuwa unasukumwa kutoka chini. Mvuke ukanipanda usoni, mafuta ya cherehani na chaki, nikawa nalia na kuongea kama mlevi.

"Mwache, shemeji. Mwache apumue. Unampenda, najua. Mwache basi."

Mti ukalegea.

Nikarudi mbele. Fundi alikuwa ameketi kwenye ngazi, mke wangu anampepea kwa foronya ya watu. Midomo ilikuwa imeanza kurudi rangi.

"Nimesikia harufu yake," alisema.

"Ni mafuta yangu ya cherehani," alisema mke wangu, ambaye hana cherehani. "Shemeji, kunywa maji."

Fundi alikunywa. Akatazama watu wanaopita. Kisha akaniuliza bila kugeuka:

"Umelichoma kweli?"

"Kweli."

Akaitikia kwa kichwa. Sijui kama aliniamini. Nadhani aliamua kuniamini, na hayo ni mambo mawili tofauti. Alichukua shuka letu mezani, akalikunja, akaondoka nalo. Tangu siku hiyo hulileta kila wiki, mwenyewe, hajapitisha hata mara moja.

Nawe utaniuliza kwa nini sikulichoma kweli. Lichome wewe. Alinishonea suti.

Shuka lile hukaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, nyuma ya magunia ya mkaa. Nimelitia uzi mwekundu, rangi ambayo hatumpi mteja yeyote, na mke wangu anajua asiliguse. Kila Jumamosi asubuhi hulifua mimi mwenyewe, la kwanza kabla ya nguo za watu, na pasi naipiga mwenyewe. Wiki hadi wiki shemeji ameanza kupungua. Kwanza yalikauka magoti. Kisha nyonga. Kisha kichwa, siku ile mke wangu alilia na hakutaka kusema kwa nini. Sasa kinachobaki ni kiganja tu, ukubwa wa kiganja cha mwanamke, vidole wazi. Pasi ikifika pale inashusha pumzi. Mimi husema, "Pole shemeji," nikapita.

Wiki moja nilikosa. Maji yalikatika mtaa mzima, hata ya kunywa tulinunua. Jumatatu nikafunua ndoo, alikuwa amerudi mkono wote mpaka bega, na jioni Fundi alipita kibandani akijikuna ubavu.

"Vumbi la mbao," alisema.

"Ndiyo," nilisema. "Vumbi hilo."

Leo asubuhi amekuja mteja mpya, binti anayeanza maisha, ana chumba chake cha kwanza na kapu la nguo. Ameniuliza, mzee, hivi shuka hasa lifuliwe kila baada ya muda gani? Yeye kwao walikuwa wanafua wanapokumbuka.

"Kila wiki," nikamwambia.

"Hata kama halionekani chafu?"

"Hata kama halionekani."

Akacheka, nikampa uzi wa rangi ya machungwa. Nje mawingu yalikuwa yamekusanyika na mvua imeanza kudondoka kwenye bati. Ni Jumamosi. Kwa Fundi sisikii randa. Nimeongeza mkaa chini ya pipa, nimeingia nyuma ya magunia, na ndoo nimeikuta mfuniko wake umesogea kidogo, upana wa vidole.